“Dokta, Njoo Tuongee Nje”

Raundi ya asubuhi ina mwendo wake. Kwa kijana ambaye nimonia yake imeanza kupoa tunasimama, tunataniana naye kidogo, tunamwuliza kama amekula. Kwa mama wa kisukari tunakaa hapo tukibishana kuhusu insulini mpaka mwenyewe anachoka. Halafu tunafika kwa mtu ambaye saratani imeshasambaa, na kundi zima linashikwa na haraka. Daktari tarajali anasoma faili kwa Kiingereza, sauti chini, macho kwenye karatasi. Mtu anataja bilirubini. Mtu anafunua shuka, anabonyeza tumbo, anasema “endeleeni na dawa,” na kundi limeshahamia kitanda kinachofuata. Mgonjwa hakuulizwa kitu. Nimefanya kazi ya magonjwa ya ndani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nakuhakikishia: ukitaka kujua wodini nani anakaribia kufa, huna haja ya kugusa faili. Angalia mahali madaktari wanapoongeza mwendo.

Wagonjwa nao wanatuangalia. Aliyelala pale wiki mbili ameshatusoma. Amemwona mwenzake wa dirishani akirukwa namna hiyohiyo, kisha akaona wauguzi wanaleta skrini usiku. Na hicho Kiingereza chetu hakimfichi chochote. Kwamba “CA” ni saratani ameambiwa na mgonjwa wa jirani, aliyeambiwa na mwanawe, aliyetazama kwenye simu.

Hospitalini nimepewa jukumu la kuwafundisha madaktari tarajali, vijana waliomaliza miaka 5 ya chuo na sasa wako katika mwaka wa mazoezi kabla ya usajili kamili, namna ya kuongea na wagonjwa wa aina hiyo. Wengi wakisikia hivyo hudhani nafundisha huruma. Huruma wanakuja nayo. Nimemwona tarajali akitoa noti mfukoni kumlipia mtu kipimo huku akijifanya anatafuta kalamu. Wanachokikimbia kitandani ni mikono mitupu. Tangu mwaka wa kwanza wameambiwa kwamba daktari haendi kwa mgonjwa bila kitu: dawa, kipimo, upasuaji, jibu. Leo wanatumwa kwa mtu ambaye vyote hivyo vimeshindikana. “Sasa nikamwambie nini, dokta?” Naulizwa swali hilo na kila kundi linaloingia. Kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba mkononi wana vitu vingi, na maneno yatafuata vitu hivyo. Nikianza na maneno, natengeneza waigizaji.

Kwa hiyo somo la kwanza halina mazungumzo kabisa. Ni maumivu. Simruhusu tarajali kumweleza mtu habari za ugonjwa wake huku mtu huyo amejikunja, jasho linamtoka, anasubiri tu sindano nyingine. Atasikia sauti, maneno hatayashika. Tunaanza na mofini ya maji, ile ambayo mfamasia huichanganya kutokana na unga, chungu kwelikweli, inayokaa kwenye kabati la kufuli mbili na kusainiwa kwenye daftari kila inapotoka. Vijana wanaiogopa. Wengine wanaogopa mgonjwa atakuwa teja, wengine kwamba pumzi itakata. Na wengi, ingawa hawatamki, wanaona kuiandika ni kutia saini kwamba wameshindwa.

Hapo huwatajia Uganda. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 pale Kampala, na nguzo ya kazi yake ilikuwa hiyohiyo mofini ya maji, ya bei ndogo, ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu hata wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hao waliokuwa wakiipata hawakugeuka mateja. Walianza kulala usiku, wakaweza kukaa na watu wao. Kisha nawafundisha hesabu yake: dozi ndogo, kila baada ya saa 4 kwa mwenye ini na figo nzima, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana usingizi na kichefuchefu hupungua siku zikipita, lakini choo kigumu hakiachi. Tarajali akiyashika hayo anaona jambo ambalo mimi ningemhubiria bure. Siku ya pili au ya tatu, maumivu yakishatulia, mgonjwa mwenyewe anakaa kitako na kuuliza: “Hivi, dokta, mimi nina nini hasa?” Mlango umefunguliwa kwa ndani.

Ndipo tunaingia kwenye mazungumzo. Njia inayofundishwa sehemu nyingi duniani imetokana na kazi ya Robert Buckman, bingwa wa saratani wa Toronto, aliyetoa kitabu kuhusu kuwapa watu habari mbaya mwaka 1992. Mwaka 2000 yeye, Walter Baile wa Houston na wenzao walichapisha hatua 6 zinazojulikana kwa jina la SPIKES: andaa mahali, uliza mgonjwa anaelewa nini, uliza anataka kujua kiasi gani, sema, pokea machungu yake, pangeni kinachofuata. Buckman, kwa taarifa yako, alikuwa mchekeshaji wa televisheni huko Uingereza kabla ya kuhamia Kanada, na nadhani ndiyo maana alijua uzito wa kunyamaza mahali pake.

Ni kazi nzuri na ninaifundisha. Ila ukiisoma unakiona chumba kilichomo ndani yake: mlango unafungwa, viti viwili vipo, na mgonjwa ndiye mwenye habari zake peke yake. Wodi yetu imebanana kiasi kwamba ukiinama kumsikiliza huyu, umeshamkalia yule miguu. Kukaa kitandani kwa mgonjwa wauguzi hawaruhusu, na wana haki. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwetu ni kwenda ofisi ya sista kuomba stuli ya plastiki, ambayo ipo moja, na kuvuta skrini ambayo gurudumu lake moja halizunguki.

Stuli ina sababu. Kwetu habari ya msiba hubebwa na mtu mzima. Haitumwi kwa mtoto. Kijana wa miaka 26 aliyesimama juu ya mzee wa miaka 70 aliyelala, akamtolea habari za kifo chake, amekosa adabu hata akiwa mpole namna gani, na mzee atamjibu kwa kunyamaza. Kijana huyohuyo akitoa shikamoo, akasubiri marahaba, akakaa chini kuliko mto wa kitanda na kusema “baba, naomba ruhusa nikuulize,” mambo yamebadilika. Mzee sasa ndiye mkubwa wa kikao. Anaweza kuruhusu au kukataa. Vijana waliokulia mjini, waliozoea kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, huona haya ni mapambo. Nawaacha waende wakajaribu.

Katika zile hatua 6 mimi nakazania mbili: uliza kabla hujasema, na ukishasema, nyamaza. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wakakuta kwamba daktari humkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Tarajali wakisikia hilo hucheka. Kisha namwambia mmoja akaongee na mgonjwa huku mwenzake anapima kwa simu, na kicheko kinakwisha. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Ukimwambia mtu ugonjwa umesambaa, kimya kinachofuata ni chake, anakihitaji, na daktari kijana anakivamia kwa maelezo ya vipimo, asilimia, jina la dawa. Anajihudumia mwenyewe.

Tunafanya maigizo pia, katika chumba cha mikutano mchana wodi inapotulia. Nimesikia kwamba kwingine huajiriwa waigizaji wa kulipwa. Siwahitaji. Nina sista mmoja mwandamizi ambaye akijifunga khanga juu ya sare anakuwa shangazi wa Mbagala aliyepanda daladala mbili na chupa ya uji mkononi. Siku moja alikaa mbele yake tarajali wa kiume, mwerevu, mmoja wa wale ambao majibu ya mitihani hayajawahi kuwasumbua. Kijana akaanza: “Shangazi, kwa bahati mbaya vipimo vimeonyesha ugonjwa umeshasambaa, kwa hiyo hatuna cha kufanya.”

Sista akamtazama. Akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, akasema: “Basi kama nyinyi hamna cha kufanya, mwanangu, nipishe nimlishe.”

Wenzake waliangua kicheko, yeye akabaki ameduwaa. Nikamwuliza: kesho asubuhi utamfanyia nini mgonjwa huyu? Akaanza kutaja, na alitaja vizuri. Atatoa maji tumboni ili apumue. Ataangalia dozi ya mofini kama inamtosha usiku. Atatazama mdomo kama una utando mweupe. Ataongea na muuguzi kuhusu kumgeuza ili mgongo usichubuke. Ataandika barua kwa hospitali ya wilaya kama familia inataka kuondoka. Nikamwambia: hayo yote ndiyo ulitakiwa kumwambia shangazi, na wewe umemwambia hakuna. Kauli hiyo ya “hatuna cha kufanya” nimeipiga marufuku wodini. Si kwamba inaumiza tu, ni uongo.

Kisha kuna nje. Karibu kila familia ina mtu wa kukushika mkono wa koti mlangoni: “Dokta, njoo tuongee nje.” Pale verandani, karibu na ndoo za usafi, anakuomba usimwambie mgonjwa. Akijua, presha itapanda. Atakata tamaa, atakufa kabla ya siku zake. Tarajali aliyemeza kitabu anamjibu, “Ni haki yake kujua.” Kwa maadili ya taaluma yuko sahihi, na papo hapo ameshampoteza mtu anayelipa bili, anayelala chini ya kitanda kwenye mkeka, atakayemshika mgonjwa kiunoni kumpeleka msalani. Tarajali wa pili anakubali haraka sana. Ombi la familia limempa kisingizio alichokuwa anakitafuta cha kutoongea. Huyo wa pili ananipa taabu zaidi, maana anaonekana mwungwana.

Wote wawili nawarudisha verandani na maswali mawili. La kwanza: “Unaogopa nini hasa kitatokea akijua?” La pili: “Usiku mkiwa wawili tu, huwa anakuuliza nini?” Hilo la pili ndilo linalofungua. Ndugu anatazama sakafu, kisha anasema mzee juzi aliuliza lile shamba la bondeni limeandikwa jina la nani. Au mama amesema binti yake wa mwisho asingoje harusi ya Desemba, ifanyike sasa. Mtu anayeuliza hivyo ameshajua. Anawalinda watoto wake, na watoto wanamlinda yeye, na kila upande unalia ukiwa peke yake.

Hofu ya presha hatuipuuzi. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 waliokuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili liliongezewa tangu mwanzo tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa, ambayo sehemu yake ni kukaa na mgonjwa na kuongea naye wazi juu ya ugonjwa na anachotaka. Kundi hili la pili lilikuwa na sonona pungufu, lilipewa matibabu machache ya kutesa mwishoni, na liliishi muda wa kati wa miezi 11.6, wakati lile la kwanza liliishi miezi 8.9. Boston si Dar es Salaam. Lakini mtoto wa mgonjwa anayesikia kwamba walioongea wazi hawakutangulia kufa, mabega yake hushuka. Hapo tarajali anaweka masharti ambayo nimewafundisha wayaseme kama yalivyo: “Sitamfuata mzee kumwambia asichokiuliza. Akiniuliza, sitamdanganya. Na ningependa uwepo wakati huo.” Ni wachache sana wanaoyakataa.

Ngoja nisimulie kikao kimoja kwa urefu. Mzee wa Songea, saratani ya ini, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Wanawe wawili wana duka Kariakoo, na wamemleta Dar es Salaam kwa matumaini ya hospitali kubwa. Mkubwa alishatuita nje na masharti alishayakubali. Tarajali wa kitanda kile alikuwa binti mtaratibu ambaye kwenye raundi husikii sauti yake. Mofini tulikuwa tumeianza kwa miligramu 2.5 kila baada ya saa 6, kwa sababu ini lililochoka huchelewa kuondoa dawa mwilini. Mimi nilisimama kwenye toroli la dawa nikijifanya nasoma faili la mtu mwingine.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umelalaje?”

“Leo nimelala. Ile dawa yenu chungu inafanya kazi.”

“Nashukuru kusikia. Baba, naomba ruhusa nikuulize jambo. Mpaka sasa umeelezwa nini kuhusu ugonjwa huu?”

Mzee akamtazama mwanawe, aliyesimama upande wa miguu. “Wananiambia ni ini. Wanasema nikila nitapona.”

“Na wewe mwenyewe unaonaje?”

Kimya. Redio ya kitanda cha jirani ilikuwa kwenye mpira. Mtoto alifungua mdomo, binti akainua kiganja kidogo, bila kumtazama, na mtoto akaufunga. Niliona vidole vya mkono mwingine wa binti vimeng'ang'ania ukingo wa stuli.

“Mimi naona safari imefika,” mzee akasema. “Namwachia Mungu.”

Hapa ndipo madaktari wengi, vijana kwa wazee, huinuka. Mgonjwa akimtaja Mungu tunaona ametufungia mazungumzo, tunaitika amina, tunaondoka na nafuu mioyoni. Binti hakuinuka. Akasema: “Amina, baba. Na siku hizi ukimwomba Mungu, unamwomba nini?”

Mzee hakutafuta jibu. “Namwomba anifikishe nyumbani. Na kuna mtu Mbinga ananidai, hela ya magunia ya kahawa. Hawa hawamjui. Sitaki kuondoka na deni la mtu.”

“Baba, mbona hukutuambia?” mwanawe akauliza.

“Si mlisema nitapona.”

Swali lile la kumwomba Mungu silipati katika hatua za Buckman, na ndilo ninalolitegemea kuliko mengine yote. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo linafika palepale, maana mtu haombi kwa uongo. Ukilisikia jibu lake umejua kazi yako: huyu anataka kufika, yule anataka kuungana tena na mtoto waliyekosana, mwingine anaomba tu apate choo. Binti alimweleza mzee kwa sentensi fupi kwamba ugonjwa wake ni saratani ya ini, kwamba dawa zilizopo zitatuliza maumivu na maji ya tumboni yatapunguzwa, na kwamba kuuondoa ugonjwa haziwezi. Akanyamaza. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akauliza: “Nitaweza kupanda basi?”

Kwa mtu wa nje swali hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu limebeba kila kitu. Mgonjwa anayeweza kukaa kwenye kiti kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Songea anahitaji nauli yake, nauli ya msindikizaji na viti viwili vya mbele. Akifia Dar es Salaam, safari hiyohiyo inakuwa jeneza, kuhifadhi mwili, kibali, gari la kukodi, chakula cha wasindikizaji, na kundi la WhatsApp la kuchangisha. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya safari hiyo, na mara nyingi zimeuza kwa sababu daktari aliona aibu kuongea Jumatatu, akaahirisha hadi Ijumaa, na Alhamisi usiku mgonjwa akapoteza fahamu. Tarajali wanapodhani kunyamaza ni kuwahurumia ndugu, nawafanyia hesabu hiyo ubaoni.

Na kuna swali la muda, ambalo mzee hakuchelewa kulileta. “Mungu ndiye ajuaye” ni kweli tupu, na ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont wa Chicago walichapisha utafiti juu ya madaktari 343 waliotakiwa kukadiria maisha yaliyobaki ya wagonjwa 468 waliokuwa wakipelekwa hospisi, kwenye huduma ya wanaokaribia kufa. Makadirio yalizidi muda halisi zaidi ya mara 5. Waliopatia walikuwa kama mmoja kati ya watano, na daktari aliyemjua mgonjwa kwa muda mrefu zaidi ndiye aliyeelekea kukosea zaidi. Tunatamani, na tamaa hiyo inaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo nawafundisha wasitaje tarehe, wala wasikimbie: waseme tunahesabu kwa siku, au kwa wiki, au kwa miezi, na kama wanasita kati ya mbili wachague iliyo fupi. Binti alisema: “Anayepanga ni Mungu, baba. Sisi kwa tunavyokuona tunahesabu kwa wiki. Kama kuna safari, iwe wiki hii.”

Wakaondoka wiki hiyo, na chupa ya mofini, barua na namba ya simu ya wodi. Siku chache baadaye mwanawe alipiga kuuliza kuhusu choo kigumu, kwa hiyo najua mzee alifika na dawa ilikuwa inanyweka. La yule mtu wa Mbinga hakulisema, nami sikuuliza.

Isije ikaonekana kwamba kila mgonjwa anataka kuambiwa. Tulikuwa na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaowaondoa wanawake wengi wa nchi hii, wengi wakifika hospitali wamechelewa. Tarajali aliyekuwa amefuzu maigizo yetu alimkalia kwa adabu zote akamwuliza angependa kujua kiasi gani. Mama akamwambia: “Hayo ongea na dada yangu. Mimi niambie tu, hii harufu itaisha lini?” Kijana alirudi kwangu amekunja uso, anaona mgonjwa yuko kwenye kukataa ukweli, amesoma hivyo mahali. Nikamwuliza kama amewaona watoto wa yule mama siku za kutazama wagonjwa. Walikuwa wanasimama mlangoni. Basi tukasaga vidonge vya metronidazo, wauguzi wakawa wanaviweka wanapomsafisha, na baada ya siku kadhaa harufu ikapungua sana. Watoto wakasogea kitandani. Aliyotaka kuyaongea aliongea na wao, bila sisi, na hatukuambiwa ni nini.

Wapo tarajali ambao hawatakuja kuweza. Ni wachache, wala si wabaya. Mbele ya chozi la mtu wanaganda. Hao nawashauri radiolojia au maabara, na nafanya hivyo bila kuwadharau, maana nchi inawahitaji huko pia. Waliobaki wanajifunza kama walivyojifunza kuchoma kanula: kwa kutazama, kwa kufanya huku wanatazamwa, na kwa kuambiwa ukweli kuhusu mkono wao.

Kinachonisumbua sasa ni zamu. Mazungumzo ya saa nne asubuhi, yaliyomgharimu mtu machozi, saa mbili usiku hayajulikani tena na yeyote. Anakuja daktari mwingine, anaitwa usiku wa manane, anaanza kumkandamiza kifua mtu aliyesema anataka kuachwa apumzike, au anamwambia mke kwamba mumewe ataruhusiwa Jumatatu. Tumeingiza kwenye faili ukurasa mmoja wa Kiswahili: ameambiwa nini na nani, yeye amesema nini kwa maneno yake, anamtaka nani awepo, anataka kuwa wapi. Mwanzoni tarajali walikuwa wanaujaza kwa maneno mawili ya Kiingereza ya kusema kwamba mgonjwa ameshauriwa, na mimi nikawa nauchana. Ameshauriwa nini? Siku hizi wauguzi wa usiku ndio wanaoulinda kuliko mimi. Juzi mmoja wao alimpigia tarajali aliyekuwa ameshafika Ubungo kwenye mwendokasi, akamweka kwenye simu mpaka amweleze kila kitu, kwa sababu ukurasa wa kitanda cha 9 ulikuwa mtupu na mke wa mgonjwa alikuwa ameshaanza kuuliza.